Neno la Langoni

Zamda, mchora vibao, alimaliza kuandika BUSTANI YA BURUDANI kwenye lango jipya, akashuka ngazi. Kesho mji mzima ulikuwa umealikwa, na watoto wangeingia bure. Alipokuwa akifuta brashi ndipo alipoona seng'enge ya ukutani imeinamia ndani, na komeo la lango limewekwa nje.

"Bwana Mshangama," alimwuliza msimamizi, "hii burudani ni ya nani hasa?"

"Wewe mama kazi yako ni kuandika tu. Neno tamu halikosi wageni."

Huko ndani bembea ililia. Binti yake Zamda, aliyekuja naye kazini, alikuwa ameshapanda, anacheka. Msimamizi akaanza kulifunga lango polepole, kwa uangalifu, asije akaharibu rangi iliyokuwa bado mbichi.