Shida za Sokoni

Uchaguzi wa wabunge ulikuwa umebisha hodi, na Bi Tunu, katibu wa chama tawala, akaenda sokoni kupima upepo. Zamani hakupita hapo salama. Wachuuzi walimng'ang'ania kanga wakimdai maji ya bomba aliyowaahidi.

Leo walimpa kigoda.

"Semeni shida zenu, nizifikishe."

"Hatuna shida, mheshimiwa. Karibu ndizi," alisema Siwema, muuza ndizi aliyekuwa akimfokea kuliko wote.

Bi Tunu akashusha pumzi. Basi chama kitapita bila jasho. Ndipo macho yake yakaangukia bomba la soko: kavu vilevile, utando wa buibui ukining'inia mdomoni. Akaiweka ndizi chini: asiyekudai tena hakutarajii tena.

"Siwema, ndugu yangu," akasihi, "nifokee basi, kama zamani."

Siwema akatabasamu kwa adabu, akamchagulia ndizi nyingine, iliyoiva zaidi.