Mzunguko wa Tano

Kwa miaka arobaini Bi Mwanakheri alifuma vitambaa vya meza akiongeza vitanzi sita kila mzunguko: sita, kumi na viwili, kumi na vinane. Vikalala mezani vimenyooka. Leo bintiye Saumu, mwalimu wa hesabu, alihesabu kipya: sita, kumi na viwili, ishirini na vinne, arobaini na vinane. Kimejaa mikunjo kama ua.

“Mama, umezidisha mara mbili badala ya kuongeza sita.”

“Juzi jina la marehemu baba yako lilinipotea. Leo na mkono umesahau?”

Saumu alichukua sindano, akashika uzi ili akifumue kitambaa. Kisha akaona vidole vya mama vikiipapasa ile mikunjo, taratibu. Akauachia uzi, akamrudishia sindano.

“Wa tano una tisini na sita,” alisema. “Fuma, mama. Nitakuhesabia.”