Ukaguzi wa Kapteni Mwinchande

Mabawa yalikuwa yameshafungwa mablanketi na kuingizwa kwenye kontena. Kilichobaki ni kusukuma kiwiliwili cha ndege, lakini Kapteni Mwinchande, aliyeiuza mwenyewe, hakutaka kutoka kwenye kiti cha rubani.

"Shuka, mzee wangu! Meli itatuacha na mnunuzi atajitoa. Tangu asubuhi nakubembeleza kama bibi harusi," alifoka fundi Kihwelo, huku kimoyomoyo akimwomba Mungu subira.

"Sijawahi kuondoka bila ukaguzi. Mafuta?"

"Tumeyamwaga!"

"Propela?"

"Imo sandukuni, Kapteni!"

"Mabawa?"

Kihwelo alishusha pumzi. "Mabawa yapo, baba."

Kapteni aliitikia kwa kichwa. Akautazama mlango wa kontena, wenye giza mbele yake, kisha taratibu akajifunga mkanda.