Kichujio cha Profesa

Barua pepe nyingine ya kipuuzi ilinaswa. "Ndugu mpendwa, umeshinda bahati nasibu." Profesa, kama majirani walivyomwita kwa kuwa hawakuwahi kumwona bila kompyuta, akasonya.

"Mpaka leo kuna mjinga anatuma bahati nasibu," alimwambia mkewe. "Kazi ya kulipua, haina ufundi kabisa."

Seva ya barua pepe ilinguruma chini ya meza ya chakula. Aliisimika mwenyewe, maana hakumwamini mtu yeyote kumshikia barua zake, na kichujio chake kilikuwa kikali kuliko mlinzi wa getini. Wauza dawa za nguvu za kiume, warithi wa wafalme, mabenki yasiyojua hata kuandika "tafadhali": wote walitupwa nje. Waliokuja na virusi aliwadharau zaidi. Aliona wanamfanya mtoto mdogo.

"Mama amejibu?" mkewe aliuliza. Mtoto alikuwa akicheka mgongoni mwake.

"Bado."

"Ulimwambia operesheni ya mjukuu wake ni kesho?"

"Nilimwambia. Nimemwomba namba ya siri ya benki, sijamwomba figo."

"Au kichujio chako kimeimeza barua yake?"

Profesa alicheka kwa kebehi, kisha cheko likamkauka. Akafungua kapu la takataka, akaanza kupekua bahati nasibu na warithi wa wafalme. Ikipotea hiyo barua, kila kitu kimeharibika. Aliikuta chini kabisa, imefika tangu asubuhi, imebeba kirusi.

"Huyu mama anafungua kila anachotumiwa," alinung'unika. "Kompyuta yake imeoza."

Kirusi chenyewe alikijua vizuri. Akakitoa taratibu, akasoma.

"Mwanangu, namba ndiyo hii hapa. Chukua zote, mradi mtoto apone, mimi sitakosa pa kushika. Nimefurahi umeniandikia. Miaka yote hii kimya, nilidhani umeshanisahau mama yako."

Mkewe alikuwa akisoma juu ya bega lake.

"Mjibu basi," alisema. "Asije akaingiwa na wasiwasi."

Profesa akainakili namba pembeni, akavuta kibodi. "Mama mpendwa, Mungu akubariki. Mjukuu wako anakusalimu. Ni mimi mwanao," aliandika, kisha vidole vikasita.

"Hivi," alimwuliza mkewe, "huyo mwanawe anaitwa nani?"