Pini ya Tano

Kijiko cha tatu kilipoingia mdomoni mwa mwanangu, nilizitupia jicho pini zangu mezani. Zilikuwa nne.

Mimi ni fundi cherehani, na nikiwa kazini pini huzibana midomoni. Leo nilikuwa nazo tano. Nilizitoa ili nionje boga lililopondwa, nione kama bado ni la moto, nikaziweka ukingoni mwa bakuli lililokuwa mezani.

"Kibogoyo mwenzangu huyo!" mama mkwe alishangilia. "Miezi sita tu, anajua kumung'unya!"

"Mama, mshike kichwa."

"Kuna nini?"

Nilimbana mtoto mashavu, nikaingiza kidole. Boga lilikuwa vuguvugu, laini. Nikapapasa ulimi, nikapapasa kaakaa. Kwenye ufizi wa chini, kitu kigumu kikanichoma.

Nikakivuta. Hakikutoka. Mtoto akaangua kilio, na mama mkwe akamchungulia mdomoni.

"Kumbe kibogoyo umenisaliti! Jino hilo, limeota!"

Nikachomoa kidole, nikazihesabu tena pini. Nne.

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mtoto akanyamaza kumsikiliza, akafumba mdomo, akameza boga lote.