Mkono wa Trela

"Kalichukue mwenyewe, shemeji. Leo asubuhi hiihii, mimi nikiwa sipo. Sitaki hata kuliona."

Mjane alikuwa amemwahi fundi mlangoni pa karakana, kabla hata kufuli halijafunguliwa. Fundi alibaki ameshika funguo. Hakuhitaji kuuliza ni kitu gani anachokisema. Tangu mazishi, siku tisa sasa, usingizi ulikuwa umemkataa kwa sababu ya trela hilohilo.

Mwaka jana marehemu, rafiki yake tangu ujana, alilileta hapo akitaka mkono wake urefushwe, yaani kile chuma cha mbele kinachofungwa nyuma ya gari. Trela lilikuwa la boti ndogo ya kuvulia, na kila akiishusha majini gari nalo lilioga mpaka kwenye taa. Siku ile chuma kizito kilikuwa kimekwisha. Kusubiri hadi kesho yake? Huyo fundi hakuzaliwa kusubiri. Aliunga kwa kipande chepesi kilichobaki kwenye fremu ya dirisha la mtu, akapaka rangi nyeusi mara mbili, akampiga rafiki yake begani.

"Kiungo hiki kitakuzika, mzee."

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Siku ya ajali mke alikuwa kwenye usukani, anaipandisha boti kutoka majini. Mume alitembea nyuma yake kama kawaida yake, akipiga makofi, twende, twende. Katikati ya mwinuko mkono ukakatika. Trela likarudi na boti yake juu, likambana kwenye ukuta wa mawe wa kando ya mwinuko.

"Mkaguzi wa polisi anakuja kesho kupatazama palipokatika," mjane aliendelea kwa sauti ya chini. "Ataanza kuuliza nani aliunga. Mimi nimeshampoteza mmoja, shemeji. Wewe una watoto wanne. Nikupeleke jela ili nipate nini?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na kofi angelipokea. Wema huu ulimmaliza kabisa.

"Sasa nifanye nini, shemeji?"

"Mimi si fundi. Weka mkono mpya, urefu uleule. Ule wa zamani utajua mwenyewe."

Akashika njia akaenda zake, ameinama kama inavyompasa mfiwa.

Fundi alilifuata trela nyumbani kwa mjane kwa pikapu yake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakamwona akihangaika peke yake kulipakia, jasho linamtiririka, na vile vipande viwili vya mkono akavitupia juu. Mama mmoja alimsalimia. Yeye akawasha gari akaondoka.

Alijifungia karakanani mchana kweupe. Kila mteja aliyegonga aliambiwa umeme hakuna, wakati mashine ya kukatia inanguruma nyuma ya sauti yake. Alianza na pale palipokatika, na hakupatazama. Aligeuza uso pembeni kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza, mpaka ncha zote mbili zikawa vijipande sakafuni. Baada ya hapo akahamia kwenye kiungo chake mwenyewe. Hicho ndicho kilichomtesa. Kilimaliza mawe mawili ya mashine kabla hakijaachia. Fundi alikitukana matusi ya nguoni, akakipiga teke, akafunga jiwe la tatu. Muda wa kujiuliza mengi hakuwa nao.

Saa nane lori la vyuma chakavu lilipita likienda kiwanda cha kuyeyushia. Akavitupia humo vipande vyote, akavihesabu mpaka cha mwisho, akasimama barabarani hadi lori likapotea.

Mkono mpya aliufanya kwa chuma kizito, kipya, kilichopimwa mara tatu. Aliuchomelea pande zote, juu na chini, taratibu, kama alivyopaswa kufanya mwaka jana. Miwani ya kuchomelea ilijaa machozi mara mbili akalazimika kuivua. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Alimpenda yule mtu.

Saa kumi mjane aliingia kwa mlango wa nyuma. Aliuzunguka mkono mpya, akaugusa kwa ncha ya kiatu.

"Umetulia. Na ule mwingine?"

"Hivi tunavyozungumza uko motoni, shemeji."

"Wote? Hata pale palipokatika?"

"Ndipo nilipoanzia."

Mjane alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha akamwombea heri yeye, mkewe na watoto wake wanne, akiwataja mmoja mmoja kwa majina. Fundi alilia kama mtoto, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa alisikia njaa.

Mjane aliendesha gari hadi kona ya pili, akaegesha, akapiga simu. Kilio kilianza kabla simu haijapokelewa.

"Afande, trela halipo! Narudi nyumbani nakuta uwanja mtupu. Majirani wamemwona fundi akilibeba. Ndiyo, yuleyule aliyeunga ule mkono! Muwahini, afande, nawaomba, asije akaniharibia ushahidi!"

Alikata simu, akafuta machozi, akakitazama kiganja chake cha kulia. Malengelenge aliyoyapata kwa kusukuma msumeno juu ya mkono ule kabla ya ajali yalikuwa yamebaki alama tu, nazo zingefutika kabla fundi hajafikishwa mahakamani.