Mlango Unaoonja Kiganja

Siku hizi kila nyumba yenye mtoto mchanga huwekewa mlango unaoonja jasho la kiganja. Ukikuta kaswende, unawasha taa nyekundu na kukuweka nje, hata wa ndani asiweze kukufungulia.

Mimi niliugua nikiwa mjamzito. Nilichomwa sindano tatu, nikapona. Ila darasa la jioni la kliniki lilinifunza kwamba damu ya aliyepona, hata jasho lake, hubaki na alama, na mlango wetu, uliowekwa leo nikiwa sokoni, hautofautishi alama na ugonjwa.

Niliporudi nilishika kitasa, taa ikawaka nyekundu. Ndani, Mwajabu wangu wa miezi mitatu alikuwa akilia njaa. Maziwa yalinilowesha kanga.

“Jipake ndimu, mwanangu,” mama mkwe aliniambia, akinipitishia kipande kati ya nondo za dirisha. “Labda ni shombo la samaki.”

Nilijipaka mara tano. Taa nyekundu.

“Basi mlete mlangoni, mama, asikie sauti yangu.”

Akamleta. Mwajabu akanyoosha mkono, akagusa kitasa cha ndani. Taa ikawaka nyekundu: alama yangu ilimwingia akiwa tumboni. Mlango ukafunguka ili atolewe.

Nikampokea, nikamnyonyesha kibarazani. Nyuma yetu mlango ukajifunga.

Mkono wa mama mkwe ukatokeza dirishani na ndimu nyingine.

“Mpake na yeye,” alisema.